Wifi Anashika Mashine

Jumatatu, 11 Machi

"Dijei wa siku hizi ni mtu anayebonyeza kitufe, anainua mkono juu, kisha anasubiri kupigiwa makofi. Kazi yenyewe inafanywa na kompyuta. Hata paka wangu, nikimfundisha wiki moja, ataiweza."

Hayo yametoka gazetini jana, kwa kalamu ya bwana wa ukurasa wa burudani, mtu ambaye nimemsoma kwa miaka na sijamkuta hata mara moja akiandika jambo analoweza kulithibitisha. Nimeukata ukurasa wake nikaubandika kwenye mlango wa friji. Pengine ndiyo njia ya kuipooza hasira yangu.

Tuanze na huyo paka. Paka ana masikio kunishinda mimi, na ninaamini kabisa anaweza kubonyeza kitufe. Kinachomshinda ni kwamba hajali watu waliomo chumbani wanataka nini, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kompyuta inajua wimbo unakwenda kwa kasi gani. Haijui kwamba shangazi wa bibi harusi ameinuka kitini kwa mara ya kwanza tangu aingie, na kwamba ukibadilisha wimbo sasa hivi atakaa chini na hatainuka tena mpaka saa ya kwenda kwao. Mimi nimepiga muziki tangu enzi za kanda, nikahamia kwenye sidii, na leo nabeba nyimbo zote za maisha yangu kwenye flashi yenye ukubwa wa kucha. Kila chombo kipya kilipoingia, alijitokeza bwana mmoja wa gazeti kutangaza kwamba sasa kazi imekufa. Kazi bado ipo. Mabwana wale sijui walikwenda wapi.

Sitamjibu kwa barua kwa mhariri. Wahariri wananijua, wananikata. Nitamjibu kwa msimu mzima wa mvua: naandika humu kila kinachotokea, na mvua zikikatika nachapisha, apende asipende.

Ushahidi wangu nimeupata leo hii asubuhi, umekuja mlangoni ukiwa na kanga kichwani na kikombe cha kuazima sukari. Ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Kiwanda cha nguo alichokuwa akishonea kimefungwa. "Wifi," kaniambia, "nifundishe ile mashine yako." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jambo lenyewe ni hili. Ukumbi ulio nyuma ya stendi unatafuta dijei wa kudumu wa Jumamosi mchana: harusi, mahafali, watu wanaoagwa kazini. Meneja amesema atawajaribu watu mpaka mwisho wa mvua, kisha achague mmoja. Wifi akichaguliwa, watabaki. Asipochaguliwa, mume wake, huyo kaka yangu, atakubali kazi aliyoitiwa kwenye mji mwingine, mbali, na watahama wote na watoto. Tunaishi ukuta kwa ukuta. Nimezoea kulalamikia kelele zao. Sitaki kujua ukuta ule ukinyamaza utakuwaje.

Jumanne, 12 Machi

Somo la kwanza. Nimemkataza kugusa mashine.

Alikuja na flashi ya kuazima, ndani yake nyimbo zimerundikwa kama nguo kwenye beseni. Nikamwambia, nitafutie wimbo wa kuwainua wazee waliokwisha kula. Akatafuta mpaka chai ikapoa.

"Umeona?" nikamwambia. "Hapo wageni wako wameshapanda gari."

"Sasa nizipange vipi? Kwa majina ya waimbaji?"

"Hakuna mgeni anayekuja ukumbini kwa alfabeti. Zipange kwa wakati. Folda ya watu wanaoingia, folda ya wanaokula, folda ya wazee, ya watoto, ya watu waliokwisha vua viatu. Na ufute kila wimbo usioujua mwanzo na mwisho wake."

"Wifi, nikifuta nisizozijua zitabaki nne."

"Basi anza na nne."

Amekwenda na laptopu yangu ya zamani. Kupitia ukutani namsikia akirudia wimbo mmoja mara kwa mara, na kaka akimuuliza kama hiyo nyumba imekuwa redio mbovu.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Hakuna somo.

Jumatatu, 18 Machi

Kuna kitufe kwenye mashine ambacho ukikibonyeza, mashine yenyewe inalinganisha mwendo wa nyimbo mbili. Ndicho anachokisema bwana wa gazeti, maskini, ndicho pekee alichowahi kusikia habari zake. Nimekifunika kwa plasta ya kidonda.

"Kimeumia?" akauliza wifi.

"Kitakuumiza wewe. Kinafaa, sikatai, nami nakitumia. Lakini wimbo wa zamani uliopigwa na watu wenye jasho hauendi kwa mwendo mmoja. Mpiga ngoma akifurahi anakimbia. Kitufe kinachanganyikiwa. Siku hiyo utabaki na masikio yako tu, na kama hayajafunzwa, pole yako."

Nikamvalisha hedifoni sikio moja. Sikio la kulia linasikiliza wimbo unaokuja, la kushoto linasikiliza wimbo uliomo chumbani. Mkono uko kwenye kile kijiti cha kusukuma juu na chini, kinachoongeza au kupunguza kasi. Unahesabu moja mbili tatu nne katika masikio mawili yanayogombana, mpaka yapatane.

Kwa muda mrefu nyimbo zake mbili zilisikika kama masufuria yanayoshushwa ngazi. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nimesema machache, na machache yenyewe hayakuwa mazuri. Akavua hedifoni akaniangalia.

"Wifi, kiwandani nilikuwa na msimamizi kama wewe."

"Na ulijifunza kushona?"

"Nilijifunza kumchukia. Kushona nilijifunzia nyumbani."

Mwanamke huyu ana mdomo. Sikuwa nimeuona, au alikuwa ameuficha kwa heshima.

Jumamosi, 23 Machi

Jaribio la kwanza ukumbini. Mahafali ya chuo cha ususi.

Nauandika huu ukumbi kwa sababu wanaobeza kazi hii hawajawahi kukanyaga mahali pake. Ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji inayorudisha sauti. Jukwaa ni la mbao, na ubao wa tatu unalia ukikanyagwa. Kuna mashine ya ukumbi, ya zamani kidogo, haihitaji kompyuta: unachomeka flashi mbili, moja kila upande, nayo inasoma humo humo. Kuna spika mbili, moja imepigwa na jua mpaka imepauka. Na juu ya yote hayo kuna bati. Bati tupu, bila dari.

Mvua ilianza wasichana wakikata keki. Muziki wote ukazama. Wifi akafanya anachokifanya kila mgeni wa kazi hii: akaongeza sauti. Akaongeza tena. Taa nyekundu zikawaka, spika iliyopauka ikaanza kukoroma, na watu wakawa na mvua pamoja na mkoromo.

Meneja akatoka ofisini kwake. Ni mwanamume mfupi anayeweka miwani juu ya paji la uso kisha anaitafuta mezani. "Bi dada," akaniambia mimi, si wifi, "hizo spika sizinunui kila mwaka."

Nikapanda jukwaani, nikamsukuma wifi pembeni kwa nyonga, nikashusha. Taa nyekundu maana yake si sauti kubwa. Maana yake ni sauti iliyochanika, na iliyochanika haishindani na mvua. Nikapunguza besi iliyokuwa ikijaza chumba bure, nikaipa nafasi sauti ya mwimbaji, kwa kuwa sikio la mtu linashika sauti ya mtu mwenzake hata kwenye mvua. Wakacheza.

Njiani wifi alitangulia. Karibu na nyumbani akasema: "Ungeniambia tu, ningeshusha mwenyewe."

"Hakukuwa na muda wa kukuambia."

"Neno 'shusha' lina urefu gani, wifi?"

Jumapili, 24 Machi

Kichwa kinaniuma. Neno lile ni fupi kweli.

Jumamosi, 30 Machi

Leo ilikuwa zamu ya mshindani. Kijana anajiita Radi. Ana kofia iliyogeuzwa nyuma, na hedifoni ambazo bei yake sitaki kuikisia. Nilikwenda kupeleleza. Anajua mashine kuliko mtu yeyote niliyemwona mwaka huu. Anaunganisha nyimbo huoni uzi. Lakini kwa muda wote aliopiga hakuinua macho. Palikuwa na mzee amevaa suti ya kijivu amesimama pembeni ya uwanja, mguu mmoja mbele, anangojea wimbo mmoja tu wa rika lake. Radi hakumwona. Mzee akarudi kukaa.

Nilishangilia moyoni. Haya, niandike tu, nilishangilia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mdogo wangu kaja kukinga maji kwenye paa langu, akiwa juu ya ngazi akaniuliza:

"Dada, hii kazi ni ya kweli, au mnajifurahisha?"

"Uliza vizuri."

"Yule mwajiri anataka jibu. Nimemwambia mvua zikiisha. Sitaki mke wangu apewe matumaini halafu nimbebe kwenye lori analia."

"Shikilia ngazi yako vizuri," nikamwambia. "Mke wako hana mpango wa kulia."

Sina hakika hata kidogo.

Jumamosi, 6 Aprili

Harusi ndogo. Wifi alipiga, nilisimama nyuma yake. Hakukosea sana. Kila alipotaka kukosea, mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Alhamisi, 11 Aprili

Mambo niliyomwambia leo, nayaandika ili bwana wa gazeti ayahesabie paka wake. Flashi ziwe mbili zenye nyimbo zile zile, kwa kuwa moja itakufa, na itakufa harusini, haitakufia jikoni. Waya zako uje nazo mwenyewe, kila moja na mwenzake wa akiba. Fika kabla ya viti, upige makofi katikati ya chumba usikie kinavyojibu. Muulize mwenye shughuli si nyimbo anazozipenda tu bali na wimbo asiotaka kuusikia. Kila familia ina wimbo wa ndoa iliyovunjika. Maiki ikishatumika izimwe. Anayekuja kuomba wimbo usimwambie hapana, mwambie nitaangalia, na uangalie kweli. Nyimbo mbili zikipita pamoja, moja inyang'anywe besi; besi mbili ni kama wapishi wawili kwenye chungu kimoja. Na usinywe kitu juu ya mashine, hata maji, hata kama ni yako.

"Wifi," akasema, "hayo yote yalikuwepo kwenye kitufe?"

Tulicheka mpaka kaka akagonga ukuta.

Jumamosi, 20 Aprili

Tumegombana, na safari hii si mzaha.

Sherehe ya miaka ya ndoa ya wazazi wa fundi bomba mmoja. Tulifika mapema, nikamwambia ajaribu spika. Nageuka, hayupo. Namtafuta kwa macho: yuko meza ya tatu, amekaa na wageni, anacheka na bibi mmoja, anashika mtoto wa mtu, anauliza nani ni nani. Akahamia meza ya nne. Nikamfuata.

"Umekuja kufanya kazi au kupiga umbea?"

"Nafanya kazi."

"Kazi iko kule, ina waya."

"Wifi, wewe mwenyewe husema kwamba dijei lazima awajue watu waliomo chumbani. Mimi nimekwenda kuwajua. Wewe unawasoma kutoka jukwaani kama kitabu. Mimi nimewauliza."

Nilimjibu jibu refu. Sitaliandika, kwa kuwa nikilisoma hapa litanichukiza. Kiini chake ni kwamba mimi nilikuwa nikipiga muziki yeye akiwa bado anafunzwa kusema mama. Akapanda jukwaani, akapiga vizuri, na kila mkono wangu ulipokwenda kwenye mashine aliuacha ufanye unachotaka, akakunja yake kifuani. Meneja aliliona hilo. Akaandika kitu, akatafuta miwani.

Jumatatu, 22 Aprili

Ukuta uko kimya. Hata watoto.

Ijumaa, 26 Aprili

Kaleta amani nani? Radi. Nilimkuta uani kwetu, viatu vimejaa matope, anamwonyesha wifi namna ya kuweka alama ndani ya wimbo ili uruke moja kwa moja mpaka pale watu wanapopenda kuimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye unashindana naye?"

"Ndiyo. Lakini ile waya ya ukumbi upande wa kulia inakatakata, nikaona nimwambie asije akaaibika. Mimi ilinikatikia kwenye zamu yangu."

"Na kwa nini umwambie?"

Akashangaa swali. "Kwa sababu atapiga hapo, mama."

Nilikuwa nimemwandika humu kama mtu asiyeinua macho. Ameinua macho akaona waya ya mwenzake. Nimempa chai. Amekunywa vikombe viwili, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba nyimbo zangu za kuwaingiza wageni ni za msibani. Nimezisikiliza upya. Nusu yake ni kweli.

Wifi akaniangalia juu ya kikombe. "Mbona yeye hukumjibu jibu refu?"

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kubwa, barabara imefungwa, shughuli imeahirishwa.

Jumatano, 8 Mei

Meneja amesema: tarehe 18 ndiyo ya mwisho. Radi amekwisha maliza zamu zake. Siku hiyo ni ya wifi, na wifi peke yake. "Bi dada unaweza kuja," kaniambia, "kuwapokea wageni na muziki wa chini chini wakati wa chakula. Baada ya hapo, yeye." Kaka amempigia yule mwajiri kumwomba asubiri mpaka tarehe 19. Amekubali kwa shingo upande.

Jumamosi, 11 Mei

Amelinganisha nyimbo mbili za zamani, zile za ngoma zinazokimbia, bila kitufe, bila mimi. Nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo. Nilisimama na shuka mikononi. Sikuingia. Nilitaka sana kuingia.

Jumamosi, 18 Mei

Nimerudi, viatu bado vina matope. Naandika yote.

Alikuwa anaagwa muuguzi mkuu wa hospitali ya hapa karibu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi, na ukumbi ulijaa wauguzi wenzake, wa zamani na wa sasa. Nilichomeka flashi yangu kushoto, wifi akachomeka yake kulia. Watu wakala, nikawapigia nyimbo za taratibu (nimezibadilisha zile za msibani). Wifi alikuwa chini, meza kwa meza. Safari hii nilifunga mdomo. Alipopanda alisema tu, "Asante, wifi, nimefika," nikampisha, nikashuka ngazi mbili, nikasimama pale pale chini ya jukwaa. Meneja alikuwa mlangoni. Kaka alikuwa ukutani na watoto, amevaa shati la kunyooshwa.

Alianza vizuri. Akawainua watu wa meza ya mbele, akawapa nafasi wakae, akawainua tena pamoja na wa meza za nyuma. Mvua ikaanza kwenye bati. Akashusha besi, akaipandisha sauti ya mwimbaji, bila kuniangalia. Nikasikia moyo wangu unafanya kitu ambacho sikuwa nimeuruhusu.

Kisha yule muuguzi mkuu akaenda jukwaani, akamnong'oneza. Wifi akatafuta kwenye flashi yake, hakuupata. Akatafuta kwenye yangu, iliyokuwa bado imechomekwa kushoto. Ulikuwepo. Akaupiga. Mama yule akatupa viatu. Ukumbi wote ukasimama.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimeinama nakusanya vitu vyangu, sikumwona akihamia kwenye flashi yangu. Kila dijei mzoefu ana tabia hii, na sisi tunaifundisha kama sala: zamu yako ikiisha, flashi yako kwanza, kabla ya waya, kabla ya maji, kwa kuwa flashi inayosahauliwa ukumbini hairudi. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nikapanda ngazi mbili, nikanyoosha mkono, nikaichomoa.

Mashine ya zamani haisamehe. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Ikabaki mvua.

Watu zaidi ya mia, mikono hewani, na juu yao bati likilia. Nilikuwa nimesimama jukwaani na flashi mkononi, kila mtu akiiona. Mwili wangu wote ulikwenda kwenye mashine. Wifi akaweka mkono kifuani kwangu. Hakunisukuma. Aliuweka tu, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshachukua maiki.

"Jamani, msikae! Msikae kabisa!" Akawageukia wageni. "Wifi yangu amechomoa roho ya mgonjwa. Lakini humu ndani hatukosi wataalamu. Dada wa Wodi ya Watoto, uko wapi? Nakuona, gauni la njano, usijifiche. Na Mzee wa Chumba cha Upasuaji, yule aliyeniambia hajawahi kucheza mbele za watu! Ninyi mnahesabu mapigo kila siku. Haya, nipeni mapigo. Kwa mikono. Wote!"

Akaanza kupiga makofi kwenye maiki. Dada wa gauni la njano akaitikia, akicheka. Kisha meza yake. Kisha yule mzee, taratibu, kama anayepima presha. Kisha ukumbi mzima, makofi ya mia, na mvua juu yake.

Wifi akaiweka maiki chini, akavaa hedifoni. Sikio moja. Nilimwona akitafuta wimbo kwenye flashi yake upande wa kulia. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimesema maisha yangu yote kwamba kipo, lakini sikuwahi kukitazama kikifanywa na mtu mwingine kwa utulivu namna ile. Makofi ya watu hayana namba. Hakuna kitufe cha kuyalinganisha. Watu wakipiga makofi wakifurahi wanakimbia, kila mara, na hawajui kwamba wanakimbia. Alisukuma kasi juu kidogo. Akasikiliza. Akasukuma tena kidogo. Kichwa kilikuwa kimeinama upande, midomo ikihesabu. Akaingiza ngoma peke yake, bila besi, chini kabisa ya makofi, hata watu hawakujua kwamba mashine imeshaingia. Walidhani bado ni wao. Kisha, kwenye pigo la moja, akafungua besi.

Siwezi kuueleza mlipuko ule. Yule mzee wa upasuaji alikuwa katikati ya uwanja. Muuguzi mkuu alikuwa amemshika mkono mtu ambaye sina hakika alimjua. Radi, aliyekuwa amekuja kutazama, alisimama juu ya kiti, kofia mkononi, anapiga kelele kama aliyeshinda yeye.

Nilishuka jukwaani. Nikatafuta kiti mbali. Nikakaa juu ya mikono yangu.

Jumapili, 19 Mei

Meneja alikuja mwenyewe asubuhi, na mwavuli. Hakukaa.

"Jumamosi ni zako, mama," akamwambia wifi. Hakuniambia mimi. "Yule kijana nimempa Ijumaa, anafaa kwa vijana. Nina sharti moja tu."

"Sema," wifi akasema.

Akashusha miwani kutoka kwenye paji, akanielekezea. "Huyu asiguse mashine yangu."

Nilisimama. Nilikuwa na hoja, kwa mpangilio: moja, nani alimfundisha, mbili, nani alifunika kile kitufe, tatu, ukumbi ule bila mimi ungekuwa hata na spika? Wifi akawahi.

"Atakuja kama mgeni, meneja. Tena kwake yeye pana kiingilio, na atalipa."

Kaka alicheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akatoka nje na simu. Nilimsikia uani akimwambia yule mwajiri: hapana, asante, mke wangu amepata kazi huku. Alilirudia neno mke wangu mara mbili, wala simu haikuwa mbovu.

Jumatano, 22 Mei

Jua. Nimeanika magodoro.

Jumamosi, 25 Mei

Nimelipa kiingilio. Nimekaa meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kukaa. Kutoka hapa muziki unasikika tofauti: besi inafika imechoka, maneno yanapotea. Nilitaka kwenda kumwambia. Sikwenda. Baada ya nyimbo mbili alishuka jukwaani, akatembea mpaka nyuma, akasimama karibu yangu akisikiliza, wala hakuniangalia, akarudi, akageuza spika moja kidogo. Maneno yakafika.

Kuna makosa aliyafanya. Niliyaona matatu, labda zaidi. Aliyaona mwenyewe, na la mwisho alilicheka.

Sasa nasema na ninyi, si na wa gazeti. Nasema na ninyi madijei wazoefu, wake kwa waume, mliokaa kwenye kumbi na redio na baa tangu enzi za kanda, mnaoitwa mama na mzee kwa heshima, wenye flashi zilizojaa na waya za akiba. Kila mmoja wenu ana mtu anayemfundisha, au mtu aliyemwomba amfundishe akamcheka mlangoni. Mfundisheni. Mpeni kila mnachojua, na mkiwa wakali muwe wakali, haidhuru. Lakini siku yake ikifika, chomoeni flashi zenu kabla hajapanda, shukeni jukwaani, na msisimame chini ya ngazi. Nendeni meza ya mwisho. Lipeni kiingilio. Mkae, na mikono yenu mkae juu yake.